Leipzig: Mji usiotoza karo, lakini si mji wa bure

Kila matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, swali moja huzuka katika nyumba nyingi za Nairobi, Mombasa, Nakuru na Kisumu: mtoto aende chuo gani? Kwa jamaa wanaoyawazia masomo ya ng'ambo, swali la pili hufuata papo hapo, nalo ndilo zito zaidi: ni nchi ipi ambayo mfuko wa mzazi utaimudu? Uingereza na Marekani zina jina kubwa, lakini karo ya huko huwafanya wazazi wengi washushe pumzi na kunyamaza. Hapo ndipo mtu hulitaja jina la Ujerumani, tena kwa sauti ya matumaini: "Kule kusoma ni bure!"

Je, ni kweli? Ni kweli nusu, mpenzi msomaji, na nusu iliyosalia ndiyo iliyowatoa jasho wazazi wengi. Ili tuione vyema, na tuutembelee mji mmoja wa wanafunzi huko Ujerumani: Leipzig, ulioko mashariki mwa nchi hiyo katika jimbo la Sachsen.

Mgeni anayewasili kwa gari moshi hushukia katika stesheni kubwa ajabu iliyokamilika mwaka wa 1915, ambayo ni miongoni mwa stesheni kubwa kabisa barani Ulaya. Akivuka barabara tu, ameingia mji mkongwe, nao ni mdogo kiasi cha kutembelewa kwa miguu. Atalipita kanisa la Mtakatifu Nikolasi. Sala za amani za kila Jumatatu katika kanisa hilo zilizaa maandamano ya Oktoba 9, 1989, watu wapatao 70,000 walipojitokeza barabarani, mwezi mmoja kabla ya Ukuta wa Berlin kufunguliwa. Si mbali na hapo lipo kanisa la Mtakatifu Thomasi, ambako Johann Sebastian Bach aliongoza muziki tangu mwaka wa 1723 hadi alipofariki mwaka wa 1750.

Chuo Kikuu chenyewe, kilichoanzishwa mwaka wa 1409, kiko katikati ya mji kwenye uwanja wa Augustusplatz. Usitafute ua wala lango lenye askari. Tramu hupita mbele ya madarasa, na wanafunzi huchangamana na wenye shughuli zao za mjini.

Jina moja la huko halitakuwa geni kwa vijana wa Nairobi. Wengi wao hujifunzia Kijerumani katika taasisi ya Goethe iliyoko Maendeleo House. Basi Johann Wolfgang von Goethe mwenyewe alipelekwa Leipzig na babake mwaka wa 1765, akiwa na umri wa miaka 16, asomee sheria. Aliondoka mwaka wa 1768 akiwa mgonjwa, tena bila shahada. Kumbe hata enzi hizo, mzazi aliyempeleka mwana mbali alikuwa na kila sababu ya kupiga hesabu mara mbili!

Wahenga walinena kwamba figa moja haliinjiki chungu. Masomo ya ng'ambo nayo yana mafiga matatu: karo, maisha na lugha. Mzazi aliyesikia habari za karo peke yake ameona figa moja tu.

Karo

Figa hili ndilo la raha. Chuo Kikuu cha Leipzig ni cha umma, na kwa kozi za kawaida za shahada ya kwanza hakimtozi mwanafunzi karo, awe Mjerumani au Mkenya. Kinachodaiwa ni mchango wa muhula. Katika vyuo vya umma vya Ujerumani mchango huo kwa kawaida huwa kati ya yuro 100 na 400 kwa miezi sita, na mara nyingi ndani yake mna tiketi ya usafiri.

Hata hivyo, si kila jimbo lina mkono mkunjufu namna hiyo. Jimbo la Baden-Württemberg lilianza mwaka wa 2017 kuwatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Munich nacho kilianza mwaka wa 2024 kuwatoza wanafunzi wapya wa aina hiyo kati ya yuro 2,000 na 6,000 kwa muhula. Nchi jirani zilitangulia: Denmark ilianza mwaka wa 2006, Uswidi mwaka wa 2011, Ufini mwaka wa 2017, na Norwe ikafuata mwaka wa 2023. Kwa hiyo neno "bure" lina msimu wake. Aliyesoma bure miaka kumi iliyopita hawezi kukuapia kwamba mwanao naye atasoma bure. Uliza chuo chenyewe, kwa mwaka huu, kwa kozi hiyo hiyo unayoitaka.

Maisha

Hapa ndipo wengi hukwama. Kabla ya kupewa viza, mwanafunzi asiye na ufadhili hutakiwa kuonyesha kwamba ana fedha za kujikimu. Njia ya kawaida ni kuziweka katika akaunti maalumu ambayo hufungwa, kisha humfungulia kiasi fulani kila mwezi. Tangu Septemba 2024 kiwango kilichowekwa ni yuro 11,904 kwa mwaka, yaani yuro 992 kwa mwezi. Ukiihesabu yuro moja kwa shilingi 150, hizo ni karibu shilingi milioni 1.8, tena ziwepo zote kabla kijana hajapanda ndege. Mwaka unaofuata, anapotaka kibali chake kiongezwe muda, ataulizwa tena ataishi kwa nini.

Fedha hizo si karo, wala hazipotei. Ni kodi ya chumba, chakula na bima ya afya, ambayo ni lazima na humtoa mwanafunzi zaidi ya yuro 100 kila mwezi. Pia kila nyumba hulipia ada ya redio na televisheni ya yuro 18.36 kwa mwezi, hata kama haina televisheni! Wanaokaa pamoja hugawana ada hiyo. Faida ya Leipzig ni kwamba kodi ya nyumba huko ni nafuu kuliko ya Munich, na mkahawa wa chuo huuza chakula cha mchana kwa bei ya mwanafunzi. Vyumba vya mabweni ni nafuu pia, ila foleni yake ni ndefu. Mwenye busara huomba mapema.

Je, kijana hawezi kufanya kibarua? Anaruhusiwa. Tangu Machi 2024 sheria inamkubalia mwanafunzi wa kigeni siku 140 nzima, au siku 280 za nusu, kwa mwaka. Lakini asiyeijua lugha hapati kazi kwa urahisi, na mwenye kazi nyingi huanguka mitihani. Kibarua na kiwe mboga, kisiwe ugali.

Lugha

Kozi nyingi za shahada ya kwanza hufundishwa kwa Kijerumani. Zaidi ya hayo, cheti cha KCSE peke yake mara nyingi hakimwingizi Mkenya chuoni moja kwa moja. Hupitia kwanza chuo cha matayarisho, ambacho kwa kawaida huchukua mihula miwili na kumalizika kwa mtihani. Leipzig inacho chuo cha aina hiyo. Lakini hata huko haendi bubu. Hutakiwa awe tayari na Kijerumani cha kutosha kufuata masomo.

Sasa tupige hesabu kamili. Shahada ya miaka mitatu, pamoja na mwaka wa matayarisho, ni miaka minne. Yuro 11,904 mara nne ni yuro 47,616, yaani zaidi ya shilingi milioni saba kwa kiwango kile kile, mbali na nauli ya ndege na masomo ya lugha hapa nyumbani. Hiyo ndiyo bei ya masomo ya "bure".

Ndiyo maana nchi inayotoza karo yaweza kuwa nafuu kuliko isiyotoza. Vijana wa Kenya wamekuwa wakienda Pune, nchini India, kwa miongo kadhaa. Huko hulipa karo, lakini kozi nyingi ni za Kiingereza, hawatumii mwaka mzima kwa lugha, na gharama ya kuishi ni ya chini. Wapo pia wanaochagua kusoma shahada ya kwanza nyumbani, kisha wakaenda Ujerumani kwa uzamili. Kozi za Kiingereza ni nyingi zaidi katika ngazi hiyo, na shirika la Kijerumani la DAAD, lenye ofisi Nairobi, hutoa ufadhili kwa baadhi yao.

Pupa imekwisha kuleta machozi. Mwaka wa 2023, wazazi na wanafunzi waliandamana mjini Eldoret wakidai fedha walizolipia mpango wa masomo ya Ufini na Kanada uliopitia kaunti ya Uasin Gishu. Miongoni mwao walikuwamo waliouza mashamba na mifugo.

Basi kabla ng'ombe hajatolewa zizini na kabla harambee haijaitishwa, jamaa waketi mezani na karatasi moja. Waandike karo ya miaka yote, gharama ya maisha ya miaka yote, na miezi itakayoliwa na lugha. Kijana naye awepo, kwa kuwa yeye ndiye atakayekaa katika baridi ya Januari akihesabu yuro zake. Jumla hiyo ikitoshana na uwezo wa nyumba, Leipzig ni mji mzuri wa kusomea. Isipotoshana, hakuna aibu kuchagua mji mwingine, hata uwe Eldoret au Maseno.