Majestic Iwe ya Nani?

Sisi wa rika langu tunalijua jengo la Majestic, pale Vuga, Unguja, kwa uso wake tu. Filamu ndani yake hatujapata kuona hata moja. Lilijengwa 1955, mchoro wa Dayalji Pitamber Sachania, pale pale ilipokuwa sinema ya Royal iliyoungua moto. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likataifishwa. Ikaja televisheni, ikaja video, watazamaji wakapungua, na mwisho paa la ukumbi likaporomoka.

Imekuwapo mipango ya kulifufua liwe kituo cha utamaduni. Naunga mkono, tena kwa mikono miwili. Ila hili neno "jamii" wanalolitaja kila mara linanikera kidogo. Jamii ipi, bwana?

Bibi yangu anasema zamani mjini kulikuwa na zanana, onesho la wanawake watupu. Mume aliyekuwa hataki mkewe atoke jioni, siku ya zanana hana neno. Basi huyo na buibui lake, mtoto kiunoni, njugu mkononi. Filamu ya Kihindi ikianza, na kilio kinaanza. "Tukilia mpaka tukicheka," ananambia. Kihindi hajui, lakini visa vile anavisimulia mpaka leo, mwanzo hadi mwisho, wala haachi mtu njiani. Mimi niliyemaliza Kidato cha Nne na mswada wa riwaya chini ya godoro, kupanga kisa nimejifunza kwake zaidi kuliko darasani.

Wanawake hao ndio waliozijaza sinema za mji. Sasa waashi wakija, paa likarudi, rangi ikapakwa, kisha kiingilio kikawa cha dola, tutakuwa tumefufua nini? Mji Mkongwe tushayaona: nyumba inatengenezwa ikapendeza kweli kweli, halafu inakuwa hoteli, mwenyeji anaitazama kwa nje. Sikatai wageni, paa halijengwi kwa maneno. Lakini mchana mmoja kila wiki zanana irudi, na tiketi isizidi bakuli la urojo. Na sisi wenye miswada tupewe chumba, hata kile cha kuwekea mafagio, tusomeane.

Nimemwuliza bibi, ikifunguliwa atakwenda? Kaniangalia. "Ngazi ziko ngapi? Na choo kiko karibu?"

Wachora ramani, mmesikia.