Barabara Aliyopita Babu Yake

Akina mama wenzangu, mwezi uliopita mwanangu wa kwanza, mwenye miaka 21, aliniambia amepata kazi ya utingo kwenye lori liendalo Tunduma. Alitegemea nishangilie. Nilijifanya nachochea moto.

Sisi ni watu wa Makambako, mahali barabara ya kutoka Songea inapoungana na barabara kuu ya Tanzania na Zambia. Nililala utotoni nikisikia malori. Baba yangu aliijua barabara ile ikiwa bado vumbi na tope. Novemba 1965, Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia, Zambia ilibanwa, maana mafuta yake yalipitia kusini. Ikabidi malori yabebe mapipa kutoka Dar es Salaam, kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya. Baba alikuwa mmoja wa vijana walioyaendesha. Alitusimulia jinsi walivyokwama matopeni wakati wa mvua, na jinsi walivyoteremka Mlima Kitonga mkono mmoja ukiwa mlangoni, tayari kuruka. Wazungu waliiita Njia ya Jehanamu. Mwaka 1968 bomba la mafuta lilifika Ndola, na miaka michache baadaye lami ikakamilika hadi mpakani. Baba akasema sasa anaendesha juu ya mkeka.

Barabara hiyo ilitulisha. Bati za nyumba yetu na ada yangu ya shule vilitoka humo. Lakini dereva alikaa wiki nyingi mbali na mkewe, akilala kila kituo, na wengi walikuwa na nyumba ya pili njiani. Baba alifariki 1993, mama akamfuata 1995. Majirani walisema kifua. Nami nikawaambia wanangu vivyo hivyo. Haukuwa uongo mtupu, kwani kifua kikuu ndicho kilichommaliza baba. Ila mimi ni muuguzi, najua kilichokifungulia mlango.

Mkoa wetu wa Njombe uliongoza nchi nzima kwa maambukizi ya virusi vya ukimwi katika utafiti wa 2016 na 2017: asilimia 11.4 ya watu wazima. Kila siku nagawa dawa, ambazo wazazi wangu hawakuzipata. Nchini zilianza kutolewa bure 2004. Kanisani nafundisha vijana wasifiche mambo. Na nyumbani kwangu mwenyewe nilikuwa nimeficha miaka yote hiyo!

Usiku ule nilimwambia. Alinyamaza, kisha akauliza, "Na bibi je?"

"Na bibi pia, mwanangu."

"Kwa hiyo mama, unanikataza?"

"Sikukatazi. Nataka uondoke ukijua." Nilimwambia na mengine, ambayo mama hapendi kumwambia kijana wake wa kiume, nikitazama sufuria. Asubuhi tulikwenda kupima wote wawili. Nilitangulia mimi ili asione haya.

Aliondoka Jumatatu. Jumamosi alipiga simu kutoka Tunduma: foleni ya malori ni ndefu, wamelala hapo siku mbili. Nikangoja aseme shida yake. Alitaka kujua babu alikuwa akipika nini safarini.

Nikamwambia: ugali na dagaa, chini ya tela, kwenye jiko la mafuta ya taa.