James Hoban, Seremala Aliyekalia Kiti cha Mashariki

Mei 1785, gazeti moja la Philadelphia lilichapa tangazo fupi la mtu anayetafuta kazi. Bwana yeyote anayetaka nyumba nzuri ya mtindo wa kisasa, lilieleza, yupo fundi anayeiweza, mjuzi wa useremala. Aliyelitoa alikuwa mgeni kutoka Ireland, James Hoban, ambaye alikuwa na ujuzi mikononi na medali moja mfukoni. Miaka saba baadaye George Washington alimkabidhi kazi ya kumjengea rais wa Marekani nyumba.

Hoban alizaliwa karibu na Callan, wilaya ya Kilkenny, kwenye shamba la kabaila liitwalo Desart Court. Wazazi wake walikuwa Wakatoliki wapangaji, katika enzi ambayo sheria za Waingereza zilimbana Mkatoliki kuanzia shule hadi umiliki wa ardhi. Alianza kwa kuchonga magurudumu ya mikokoteni, akaingia useremala, kisha akapata nafasi katika shule ya uchoraji ramani ya Dublin Society, chini ya msanifu Thomas Ivory. Mwaka 1780 shule ikamtunuku medali kwa michoro yake ya ngazi, mapaa na mihimili. Ni vitu vya seremala hivyo. Mtu aliyekuja kusifiwa kwa nguzo na kumbi za ikulu alianza kusifiwa kwa namna ngazi inavyosimama bila kuyumba, na tabia hiyo hakuiacha: katika kazi zake zote alikuwa msanifu anayejua msumari unapigiliwa wapi.

Philadelphia hakudumu. Alishuka kusini hadi Charleston, South Carolina, akashirikiana na Mwairishi mwenzake, Pierce Purcell, na mwaka 1790 wakafungua darasa la jioni la kufundisha mafundi kuchora ramani. Huko ndiko Washington, akiwa ziarani Mei 1791, alikosikia habari zake. Machi 1792 makamishna wa mji mkuu mpya walipotangaza shindano la kubuni nyumba ya rais, zawadi ikiwa dola 500 au medali ya thamani hiyo, Hoban hakungoja kubahatisha. Alifunga safari kwenda kuonana na rais mwenyewe, ajue mteja anapenda nini. Julai akashinda. Mchoro wake ulifuata sana Leinster House ya Dublin, jumba ambalo mwanafunzi yeyote wa Ivory alilijua. Washington akataka nyumba iongezwe ukubwa na mapambo. Kisha mawe yakaonekana hayatatosha, na ghorofa tatu za mchoro zikapunguzwa kuwa mbili. Kwa mshahara wa gini 300 kwa mwaka, Hoban akawa msimamizi wa ujenzi.

Tarehe 13 Oktoba 1792 liliwekwa jiwe la msingi. Rais hakuwepo. Walioongoza shughuli walikuwa Frimasoni wa Georgetown, waliotoka kwa maandamano, wakaweka bamba la shaba chini ya jiwe, kisha wakarudi mjini kula, kunywa na kutakiana heri kwa glasi nyingi.

Hapa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi atatega sikio. Kwetu neno Frimasoni lina harufu ya uchawi: mtu akitajirika haraka au msanii akivaa pete isiyoeleweka, minong'ono inaanza. Marehemu Andy Chande, mfanyabiashara wa Tanzania aliyekuwa kiongozi wao Afrika Mashariki, alitumia miaka mingi kueleza hadharani kwamba loji, yaani tawi la chama hicho, si mahali pa kafara, na wengi hawakumwamini. Historia ya Hoban ina faida yake kwa mjadala huo, kwa sababu inaturudisha pale jina lilipotoka. Mason ni mwashi, fundi wa mawe. Pembe mraba, bikari, timazi na mwiko, ambavyo leo ni nembo, vilikuwa vifaa vya kazi. Waashi wa Uskoti na Uingereza walikuwa na vyama vyao vya kulinda ufundi na ujira. Mabwana wasiojua hata kuchanganya chokaa wakaanza kujiunga, na mwaka 1717 loji nne za London zikaunda Loji Kuu. Tangu hapo Frimasoni ikazidi kuwa klabu ya mabwana wenye koti safi.

Katika mji wa Washington wa 1793, vumbi likarudi. Mji wenyewe ulikuwa pori, visiki, vibanda vya wafanyakazi na mashimo ya matofali. Septemba mwaka huo Loji Kuu ya Maryland ilitoa hati ya kuanzisha Federal Lodge namba 15, loji ya kwanza ndani ya mji mkuu, na mkuu wake wa kwanza akawa Hoban. Wanachama wake wengi walitoka kwenye ujenzi. Mkuu wa loji hukaa upande wa mashariki wa ukumbi, kunakochomoza jua. Kwa hiyo jioni mafundi walimkuta kwenye kiti hicho mtu yuleyule aliyekuwa akikagua kazi yao mchana. Ni vigumu kuamini kwamba mambo hayo mawili hayakusaidiana: mgeni asiye na ukoo mjini alipata ndani ya loji udugu, dhamana na sikio la wakubwa.

Siku chache tu baada ya hati hiyo, tarehe 18 Septemba 1793, loji changa ilijikuta kwenye hafla kubwa kuliko zote. Washington, Frimasoni tangu 1752, alivuka mto Potomac kuja kuweka jiwe la msingi la bunge, Capitol. Maandamano yalijipanga kwenye uwanja wa nyumba ya rais, yaani mlangoni pa kazi ya Hoban, na loji yake ikatembea pamoja na zile za Alexandria na Georgetown. Rais akavaa aproni, jiwe likamiminiwa nafaka, divai na mafuta, kisha akabanikwa ng'ombe dume wa ratili 500.

Hoban alikuwa pia muumini wa kanisa la St. Patrick, parokia iliyoanzishwa 1794 kwa ajili ya Wairishi waliokuwa wakijenga mji. Papa Clement XII alikuwa amewapiga marufuku Wakatoliki kujiunga na Frimasoni tangu 1738. Wairishi wengi wa wakati huo waliishi na mambo yote mawili bila kukosa usingizi, na Hoban alikuwa mmoja wao. Alikwenda misa, na akakaa mashariki.

Lakini udugu huo ulikuwa na mpaka. Daftari la mishahara ya maseremala wa nyumba ya rais la Mei 1795 limeandika majina ya watumwa watano: Tom, Peter, Ben, Harry na Daniel. Wanne kati yao walikuwa mali ya Hoban. Walipiga randa siku nzima, na ujira wao akachukua bwana wao. Watu weusi wa Boston, wakiongozwa na Prince Hall, walikuwa wamepokewa mwaka 1775 na loji ya kijeshi ya Wairishi, na baadaye wakapata hati yao kutoka London. Mlango, basi, ulikuwa umeshafunguliwa kwingine. Hoban alikimbia nchi ambayo sheria zilimdunisha kwa dini yake, naye akaja kuishi kwa jasho la watu waliodunishwa kwa rangi yao. Pembe mraba ya loji, inayosemekana humfundisha mtu unyofu, haikupima upande huo.

Nyumba yenyewe ilijengwa kwa mawe ya mchanga ya Aquia, Virginia, yanayonyonya maji kama sifongo. Mwaka 1798 yalipakwa chokaa yasipasuke wakati wa baridi kali. Mwashi yeyote wa Unguja angeelewa mara moja. Weupe wa White House ulianzia hapo. Rais John Adams alihamia Novemba 1800 kuta hazijakauka, na mkewe Abigail akaanika nguo katika ukumbi mkubwa wa mashariki.

Tarehe 24 Agosti 1814 jeshi la Uingereza likaichoma. Jenerali aliyeliongoza, Robert Ross, naye alikuwa Mwairishi. Zilibaki kuta zenye masizi, na sehemu yake ikabidi ibomolewe. Aliyeitwa kuijenga upya ni Hoban, na Rais James Monroe akahamia 1817. Ukumbi wa nguzo wa upande wa kusini ulikamilika 1824. Ule wa kaskazini, unaoonekana katika kila picha ya habari, ukafuata mwishoni mwa muongo huo. Ni wasanifu wachache waliopewa kulijenga jumba lilelile mara mbili.

Alifariki tarehe 8 Desemba 1831, akiacha mali, nyumba na watoto. Loji yake ipo bado. Loji Kuu ya mji mkuu ilipoanzishwa, ilibadilishiwa namba kutoka 15 kuwa 1.

Rais Harry Truman, aliyewahi kuwa mkuu wa Frimasoni wa jimbo la Missouri, aliifumua White House kuanzia 1949 na kuisuka upya ndani, kuta za nje za Hoban zikiachwa zimesimama. Mafundi wakakuta mawe yenye alama za waashi wa zamani, kila mmoja na chapa yake, na Truman akazigawia Loji Kuu za majimbo mawe hayo. Bamba la shaba la 1792 nalo lilitafutwa. Halijapatikana hadi leo.