Nyumba na Nyumbani

Ukiniuliza natoka wapi, nitakwambia Bungoma. Ukiniuliza naishi wapi, Kitale. Nina miaka 26. Nimezaliwa hapa Kitale wakati wa mavuno, ndiyo maana naitwa Nekesa. Bungoma naenda Krismasi na kwenye matanga. Lakini hata kwenye fomu za chuo niliandika Bungoma, bila kufikiria.

Jumamosi iliyopita ndiyo nilianza kufikiria. Haikuwa siku ya maana. Stima zilipotea saa tatu asubuhi, simu ikabaki na chaji kidogo, basi nikakaa nje na wazee kulinda mahindi yasiliwe na kuku. Novemba Kitale ni hivyo: kila ua una turubai, kila turubai lina mahindi, na kila mtu anaangalia upande wa Mlima Elgon kama wingu linakuja. Kazi yangu ni kuyageuza kwa miguu, nikiburuta nyayo. Kazi ya mama ni kung'ata punje moja kila baada ya muda na kusema, "Bado." Wanunuzi wanataka unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mama hana kipimo, ana magego.

Baba alikuwa chini ya mparachichi na daftari lake. Anastaafu ualimu Desemba, akifika miaka 60. Anataka kuuza hii nusu ekari yetu amalizie nyumba aliyoanza Bungoma, kwenye boma la kuka, babu yangu. Kuna mtu ameshapiga simu mara mbili.

"Mtu hazeekei ugenini," akasema.

"Ugenini wapi, Baba Nekesa?" mama akauliza. "Miaka 30 na bado wewe ni mgeni?"

Hapo baba akaleta kesi ya S.M. Otieno. Sisi vijana hatukuwa tumezaliwa. Otieno alikuwa wakili Nairobi, akafariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo ukasema hapana, azikwe Nyalgunga, Siaya. Kesi ilivutana kwa miezi, nchi nzima ikifuatilia, na Mei 1987 akazikwa Nyalgunga. Hoja ya ukoo ilikuwa rahisi: huko mjini alikuwa na nyumba tu, nyumbani ni Siaya.

"Umeona?" baba akasema.

"Hiyo ni kesi ya maiti," mama akajibu. "Mimi nauliza mtu aliye hai atakaa wapi."

Baba si mkaidi bure. Mapema 2008, baada ya uchaguzi, tulipakia magodoro kwenye pikapu tukashuka Kiminini, Kamukuywa, Webuye, mpaka Bungoma. Nilikuwa na miaka 8, na ninachokumbuka ni kwamba nilikalia sufuria. Tangu hapo, uchaguzi ukikaribia, baba huhesabu majirani kimyakimya. 2027 hiyo inakuja, na hataki kukimbia tena akiwa mzee. Lakini mama anaukumbuka mwaka uleule kivingine. Anamkumbuka jirani, wala si Mbukusu, aliyelisha kuku wetu wiki tatu, hata mmoja asipotee.

Na Kitale yenyewe ni mji wa watu waliokuja. Reli ilifika 1926, enzi za mashamba ya walowezi. Baada ya uhuru, watu wakapanda kutoka Bungoma na kwingineko kununua vipande vya mashamba hayo. Muulize mtu wa mtaa wetu nyumbani ni wapi, atataja mahali pengine. Muulize mtoto wake, atamwangalia mamake kwanza.

Mchana, tukila ugali na mrenda, baba akanigeukia. "Nekesa, wewe unaonaje?"

Nilitaka kusema sijui. Lakini nilikuwa nimeburuta miguu asubuhi nzima nikiliona lile boma kichwani. Kuna kipande cha kaka yangu, kimewekwa mipaka ya miti. Kuna vya binamu zangu. Katiba ya 2010 inasema mimi na kaka yangu tuko sawa, lakini hakuna aliyewahi kunionyesha mti wangu. Inatarajiwa nitaolewa, nipate nyumbani kwa watu wengine. Hiyo Bungoma ninayojibu kila siku, yenyewe haijawahi kusema mimi ni wake.

"Baba," nikasema, "mkiuza hapa, mtu akiniuliza natoka wapi, nimwambie wapi?"

Mama aliacha kutafuna. Baba alifinyanga tonge lake muda mrefu, hakulila.

Saa kumi wingu likashuka kutoka mlimani, sote watatu tukakimbilia turubai. Tukiwa tunalikunja, simu ya baba ikalia. Aliipokea, mkono mmoja bado umeshika kona ya turubai.

"Nipigie Januari," akasema. "Mahindi hayajakauka."