Mlango wa Bibi

Nyumbani kwetu Kanoni, mlango wa chumba cha bibi ulikuwa ukikwama kila msimu wa mvua. Usiku mmoja wa Novemba bibi aliugua, akaita, nasi tukachelewa kumfikia. Kulipokucha nikaupiga randa kwa hasira. Julai mbao zilipokauka, pakabaki nafasi, na baridi ikamwingilia bibi kitandani.

Ndipo fundi seremala akanifundisha: kwanza kaza skrubu za bawaba, paka chaki ukingoni, funga mlango, utazame weupe ulipobaki kwenye mwimo, piga randa hapo tu, kidogo kidogo, kisha paka rangi kingo zote, maana ubao mtupu hunyonya unyevu. Nami nikaongeza ubao mwembamba pale nilipokata kupita kiasi.

Wenzangu, mvua zimerudi. Bibi hufungua mwenyewe, kwa mkono mmoja.