Kitunguu Saumu cha Majivuni: Maneno Kutoka Suguti

Atokaye Musoma mjini akashika njia ya kuelekea Makojo na Busekera, ziwa humchezea mchezo wa kujificha. Mara analiona kuumeni mwake, buluu, limetulia. Mara limetoweka nyuma ya mawe makubwa yaliyopandana kana kwamba yamepangwa na mikono ya majitu. Mara latokeza tena mbele yake, na mitumbwi imelala mchangani. Katika nchi hiyo ya mawe na maji ndimo ilimo Suguti.

Jina hili ni la kijiji, ni la kata, na ni la mto umwagao maji yake katika Ziwa Victoria. Kata hiyo ina vijiji vya Suguti, Kusenyi, Chirorwe na Wanyere. Wataalamu wa lugha nao wamelichukua jina hilo, wakaziita lugha zilizo ndugu za pwani hii ya ziwa, kama vile Kijita, Kikwaya na Kikara, kuwa ni jamaa moja ya Suguti. Upande wa mashariki iko Butiama, alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922 na alikozikwa mwaka 1999. Na upande wa kusini iko Bunda, penye barabara kuu iendayo Mwanza.

Waislamu wa vijiji vya huku si wengi. Majirani zao wengi ni Wakristo, na wanaishi nao kwa wema. Kwa sababu ya uchache huo, msikiti wa kijijini kwa kawaida ni mdogo, na safu zake ni fupi. Yeye asimamaye katika safu fupi humgusa mwenzake bega kwa bega, na pumzi ya huyu humfikia yule. Ndugu msomaji, lishike jambo hili, maana ndilo litakalotupeleka jikoni.

Sahani ya wageni

Chakula cha pwani hii ni ugali wa muhogo, mara nyingine uliochanganywa na mtama au ulezi, pamoja na samaki: sato, sangara, au dagaa walioanikwa juani. Mtu akikitazama chakula hiki hudhani kuwa kimekuwapo hapa tangu dunia kuumbwa. Lakini muhogo asili yake ni Amerika, ukaletwa Afrika na Wareno. Sato na sangara walitiwa katika ziwa hili miaka ya 1950 na 1960. Samaki wa asili aliyekuwa akisifiwa na wazee ni ngege, ambaye siku hizi ni nadra kuonekana. Basi sahani ya Suguti imejaa wageni, na kila mgeni amepewa jembe lake, akalima.

Mgeni mwingine ni kitunguu saumu. Asili yake ni Asia ya kati, na tabia yake ni kupenda baridi; kwa hiyo katika nchi yetu hustawi zaidi nyanda za juu, kama Mbulu katika Mkoa wa Manyara, ambako wakulima wengi wamekifanya kuwa zao lao la biashara. Pwani ya ziwa yenye joto haikipendezi sana, na mama wa huku hukinunua sokoni au dukani, kichwa kimoja kimoja. Akifika nyumbani hukimenya, hukitwanga kibichi pamoja na tangawizi na chumvi, akampaka samaki. Mchuzi hunukia mpaka kwa jirani. Hapo ndipo ulipo mtihani: harufu inayopendeza chunguni haipendezi kinywani mwa mtu aliyesimama ubavuni mwako katika swala ya Ijumaa.

Na tusichanganyikiwe na jina. Watu hucheka kwamba kitunguu hiki na funga ya Ramadhani vina jina moja. Kwa Kiarabu ni maneno mawili: funga ni *saumu* yenye herufi ya *sad*, na kitunguu ni *thaumu* yenye herufi ya *tha*. Ulimi wa Kiswahili ndio uliowakutanisha, na ndugu zetu wengi wa Unguja husema bado *kitunguu thomu*.

Mtume alivyofundisha

Kitunguu saumu kilijulikana Madina. Imepokewa katika Sahihi Muslim ya kwamba baada ya kutekwa Khaybar, mwaka wa 7 wa Hijra, watu waliokuwa na njaa walikila mno, kisha wakaenda msikitini. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoisikia harufu, alimkataza mwenye kula mti ule asikaribie msikiti. Watu wakaanza kusema kuwa kimeharimishwa. Habari ilipomfikia aliwaeleza kuwa si juu yake kuharimisha alichokihalalisha Mwenyezi Mungu, bali huo ni mti ambao yeye anaichukia harufu yake. Na Jabir bin Abdullah, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, amepokea ya kwamba malaika nao huudhika kwa kile wanachoudhika nacho wanadamu.

Tazama hekima iliyomo. Halali haikuwa haramu, wala mtu hakunyang'anywa chakula chake. Alilofundishwa ni kuwa uhalali wa kitu haumpi ruhusa ya kumuudhi mwenzake. Maulamaa wameongeza ya kuwa asiyefaa zaidi ni yule alaye saumu mbichi kwa hila, ili apate udhuru wa kuiacha jamaa. Vijana, hilo ni lenu: udhuru wa kutengenezwa si udhuru.

Kisha akaja Sayidna Umar bin al-Khattab, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, akafungua mlango. Katika hotuba yake ya Ijumaa, siku chache kabla ya kuuawa, aliwakumbusha watu ya kuwa alipata kumwona Mtume akiamuru mtu mwenye harufu hiyo atolewe msikitini mpaka Baqii. Kisha akasema kuwa mwenye kuvila vitunguu hivi viwili, basi na avifishe kwa kuvipika.

Neno lake la kufisha ni neno la mtu aliyejua jiko. Maana saumu mbichi, kwa kweli, ina uhai.

Kwa nini moto huituliza

Punje nzima ya saumu, isiyokatwa, hainuki sana. Ndani yake mna vitu viwili vilivyokaa katika vyumba mbalimbali. Ukiikata au ukiitwanga, kuta huvunjika, vitu hivyo hukutana, na papo hapo huzaliwa kitu kikali kiitwacho alisini. Hicho ndicho kiwashacho ulimi. Ukisha kuila, baadhi ya mabaki yake huingia katika damu na kutoka kwa njia ya mapafu. Kwa hiyo mswaki na maji havitoshi kuiondoa harufu, kwani chimbuko lake si kinywa peke yake. Maziwa na majani ya mnanaa huipunguza, lakini haviikomeshi.

Moto hufanya kazi kwa njia nyingine. Punje ikipata joto ingali nzima ndani ya ganda lake, kile chumba chenye kuamsha ukali huharibika kabla vitu hivyo viwili havijakutana. Sukari iliyomo ndani hulainika na kuwa na rangi ya asali. Hutoka kitu kitamu, kama uji mzito, ambacho hata mtoto hukila pasipo kukunja uso. Harufu haiishi kabisa, lakini hupungua sana. Basi tofauti kati ya kutwanga kwanza na kuchoma kwanza si ndogo: anayetwanga kwanza huuamsha ukali, na anayechoma kwanza huulaza.

Namna ya kuchoma

Haihitaji jiko la umeme. Nyumba za Suguti, kama nyumba nyingi za vijijini kwetu, zina mafiga na majivu ya moto, na majivu hayo ndiyo yachomayo viazi vitamu vya watoto jioni. Yatafaa na kwa saumu.

Chagua kichwa kizima, kigumu, kisichochipua wala kuota ukungu. Ondoa maganda ya juu yaliyolegea, lakini usimenye punje. Kata ncha ya juu kidogo tu, kiasi cha kuonyesha vichwa vya punje. Tia matone ya mafuta na chumvi kidogo. Chukua jani la mgomba, lipitishe juu ya moto ili lilainike, likunje mara mbili au tatu, ukifunge kichwa chako humo, na ulifunge kwa kamba ya mgomba iliyoloweshwa maji.

Sukuma makaa yawakayo kando. Zika kifurushi katika majivu ya moto, kisha weka makaa machache juu yake. Kigeuze baada ya robo saa. Baada ya dakika 40 hivi, au zaidi kama kichwa ni kikubwa, kichome kwa kijiti: kikiingia pasipo ubishi, kimeiva. Kikiwa cheusi kimeungua, nacho kitakuwa kichungu. Moto mwingi ndio adui wa kazi hii.

Mwenye jiko la mkaa na asiye na majivu ya kutosha atumie njia wanayoijua sana mama wa pwani ya bahari katika kuoka mikate yao: atie kichwa katika sufuria kavu, afunike, na apalie makaa machache chini na machache juu ya kifuniko.

Kikipoa, minya kwa vidole, nazo punje zitatoka zenyewe. Ziponde kwa mwiko pamoja na chumvi, ndimu na pilipili, umpake sato ndani na nje kabla ya kumweka juu ya wavu. Kwa dagaa, tia katika nyanya zinazoiva, dakika chache kabla ya kuepua. Katika maharage au mchicha punje 3 au 4 zatosha. Na wakati wa Ramadhani, mwenye kwenda kuswali tarawehe baada ya futari ataona faida yake: amekula chakula chenye ladha, na hakuiharibu swala ya aliye karibu naye.

Tahadhari mbili

Ya kwanza ni ya kuhifadhi. Wako watu wazitumbukizao punje hizi katika chupa ya mafuta na kuiweka rafuni kwa majuma. Jambo hilo ni la hatari. Ndani ya mafuta hamna hewa, na mahali pasipo hewa huweza kuota kijidudu kitoacho sumu iitwayo botulini, isiyobadilisha rangi, harufu wala ladha ya chakula, nayo hupoozesha mwili hata kuua. Mwaka 1985 katika mji wa Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua kwa sababu ya saumu iliyowekwa katika mafuta bila kupozwa. Basi asiye na jokofu achome kiasi cha kuliwa siku hiyo hiyo; na mwenye jokofu aifunike humo na kuimaliza katika siku 3 au 4. Kichwa kibichi kikavu, kwa upande wake, hukaa majuma mengi kikiningʼinizwa penye hewa, na kwa hiyo hapana haja ya kuweka akiba ya kilichochomwa.

Ya pili ni ya dawa. Wengi husema saumu hutibu kila ugonjwa. Ni chakula chema, lakini mgonjwa wa shinikizo la damu asiache vidonge vyake kwa ajili yake. Na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au anayengoja kupasuliwa, amwambie daktari kabla ya kuila kwa wingi, kwani nayo huweza kuzidisha kutoka damu.

Ndugu zetu, dini yetu haikuacha hata pumzi ya mtu bila ya adabu. Mwenye msikiti mkubwa wa mjini huweza kusogea nguzo mbili akaikimbia harufu ya mwenzake. Mwenye msikiti mdogo wa kijijini hana pa kusogea. Naye akiudhika mara mbili tatu, huenda akaona uzito kuja, na safu iliyokuwa fupi ikazidi kufupika. Mama aizikaye saumu majivuni kwa ajili ya chakula cha Ijumaa anailinda safu hiyo, ingawa hakuna amwonaye.

Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali, na atujaalie tuile kwa adabu. Amin.