Na Ukimaliza Shule?

Ujumbe wa sauti kutoka kwa mjomba uliingia nikiwa kwenye basi, Alhamisi ya Machi 13, 2025. Ulikuwa wa dakika mbili na nusu, na mjomba si mtu wa maneno mengi, kwa hiyo nilijua kuna jambo. Alitaka kukata miti iliyo kwenye kingo za matuta ya bibi, kule Uluguru, apande mananasi. Bibi hakukubali, wala hakukataa. Alisema tu, "Muulizeni mtoto kwanza."

Mtoto ni mimi. Nina miaka 27, nasoma shahada ya uzamili Uingereza, na tasnifu yangu inahusu serikali zinazowalipa wakulima ili watunze ardhi. Basi lilikuwa linanipeleka kwa mkulima wa sita katika mahojiano yangu. Nilisikiliza ujumbe mara mbili, nikarudisha simu mfukoni. Nilijiambia nitajibu jioni, nikimaliza kazi, kana kwamba ujumbe ule haukuwa kazi ileile.

Shamba la yule mzee liko Herefordshire, karibu na mpaka wa Wales. Anafuga kondoo, ana matufaha na ngano kidogo. Aliniambia nimwite kwa jina lake la kwanza. Nilijaribu mara moja, ulimi ukakataa, nikashinda siku nzima bila kumwita chochote. Udongo wa kule ni mwekundu. Mvua kubwa ikinyesha, alisema, unaoshwa hadi mtoni. Nikaukumbuka mto Ruvu, unavyogeuka rangi ya chai ya maziwa wakati wa masika.

Tulikaa jikoni kwake na makaratasi. Kwa miaka mingi, Uingereza ilipokuwa ndani ya Umoja wa Ulaya, mkulima alilipwa zaidi kwa ukubwa wa ardhi yake: mwenye hekta nyingi alipata nyingi. Baada ya kujitoa, serikali ilisema fedha za umma zitalipia mambo yanayoufaidia umma, kama maji safi, udongo wenye afya, ndege, na wadudu wanaochavusha. Kwa upande wa England, mpango mmoja uliotokana na wazo hilo unaitwa Sustainable Farming Incentive. Mkulima anachagua kazi kwenye orodha, kila kazi na bei yake, na mikataba mingi ni ya miaka mitatu. Katika orodha ya 2024, hekta moja ya malisho ya mchanganyiko, yaani nyasi, mikunde na mimea yenye mizizi mirefu, ililipwa pauni 382 kwa mwaka. Hekta ya mimea ya kulisha ndege wakati wa baridi, pauni 853. Hata kukagua tu hali ya ua wa vichaka kulikuwa na bei: pauni 5 kwa kila mita 100 za upande mmoja.

"Baba yangu angeniona natembea kando ya ua na daftari kwa pauni tano," mzee alisema, "angemwita daktari."

Alicheka, kisha akanyamaza. Siku mbili kabla, Jumanne ya Machi 11, serikali ilikuwa imetangaza kwamba fungu lote limeshapangiwa watu na maombi mapya hayapokelewi tena, kuanzia wakati huohuo. Wenye mikataba wangeendelea kulipwa hadi mikataba yao iishe. Mzee alikuwa na mkataba kwa mashamba ya bondeni. Ya juu alipanga kuyaombea kondoo wakishazaa. Mbegu alikuwa ameshanunua.

"Nimechelewa mwenyewe," alisema. "Kondoo hawasubiri fomu." Akazungusha kikombe chake. "Miaka mitatu naweza kuishi nayo. Hata mmoja. Niambie tu ni mingapi, kabla sijang'oa kitu."

Kisha akaniuliza, "Kwenu wanalipa?"

Nikasema, "Kulikuwa na mradi." Nikamrudisha kwenye swali namba nane.

Sikumwambia kwamba nilikulia ndani ya jibu la swali lake. Kuanzia 2006, mashirika mawili ya kimataifa yaliendesha mradi katika vijiji vya Uluguru vilivyo kwenye chanzo cha Ruvu. Hoja ilikuwa rahisi kuielewa. Sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam hutoka Ruvu. Mlimani watu wakilima mteremko bila kinga, udongo unashuka mtoni, na kuyasafisha maji kunakuwa ghali zaidi. Basi wa chini wamlipe wa juu. Mamlaka ya maji ya jiji, ambayo ni ya umma, na kampuni moja ya soda zikakubali kuchangia. Wakulima walilipwa kwa kufuata eneo na aina ya kazi: matuta ya ngazi, fanya juu, kupanda miti.

Bibi alikuwa na miaka zaidi ya 60 alipochimba matuta yake. Mimi nilikuwa darasa la nne, nabeba maji ya wachimbaji na kujiona msimamizi. Nakumbuka majirani wazee waliopita njiani wakitikisa vichwa. Kwa wazee wa kule, neno matuta lina historia. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Udongo wenye rutuba ni wa juu na ni mwembamba; ukichimba ngazi, ule wa chini usiotoa kitu ndio unaopanda juu. Watu walichoka, mazao yakadumaa, na mwaka 1955 ghasia zikazuka. Bibi alikuwa mtoto. Anachokumbuka ni mama yake akirudi jioni na viganja vilivyopasuka, kutoka kwenye kazi ambayo hakuna mtu nyumbani aliyeitaka.

Halafu nusu karne baadaye bibi huyohuyo akashika jembe na kuchimba matuta yaleyale. Kwenye pendekezo la utafiti wangu niliandika kwamba tofauti ni "motisha ya kifedha". Mwalimu wangu aliipenda sentensi hiyo. Niliipenda pia.

Usiku nilipiga simu. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, umekula?" Nikamwambia nimekula. Nikaeleza kwamba nimesikia habari ya miti. Kimya. Kisha nikasema jambo ambalo nilikuwa nimelipigia hesabu kwenye basi la kurudi. Matuta ya bibi ni kama nusu eka, yaani hekta 0.2. Kwa bei ile ya malisho ya mzee, ni kama pauni 77 kwa mwaka, kitu cha shilingi laki mbili na nusu. Nikibana posho yangu, naweza.

"Nitailipia mimi hiyo miti, bibi. Kila mwaka. Mjomba asiikate."

Simu ilikuwa imewekwa spika. Aliyejibu ni mjomba, kwa upole kabisa: "Sawa, mwanangu. Na ukimaliza shule?"

Sikuwa na jibu. Mradi wa zamani nao ulikuwa na mwisho wake, kama miradi yote. Malipo yalipokoma, baadhi ya majirani walirudi kulima mteremko kama zamani, na katika rasimu yangu niliwaita watu ambao "hawakubadilika kimtazamo". Sasa nilikuwa nimejifanya mradi mwenyewe, tena wenye msimu mfupi kuliko ule wa kwanza.

Bibi akamwondoa mjomba kwenye simu. "Unajua ile hela niliifanyia nini?" Nilidhani najua: bati nne za jiko, tumeziona wote. "Bati ni za mwisho," alisema. "Mwanzo nilinunua unga. Miaka miwili mahindi yalikuwa ya njano, udongo mwekundu umekuja juu. Tungekula nini? Mama yangu alichimba na hakuna aliyemnunulia unga. Mwaka wa tatu, samadi imeshaingia, shamba likaanza kunijibu. Hapo hata wasingenilipa ningeendelea."

"Kwa hiyo hela haikuwa na maana?"

"Nimekuambia ilininunulia unga. Wewe umesoma, unataka maana gani tena?"

Nikamuuliza kuhusu majirani walioacha. Akanitajia mmoja ambaye mwaka wa tatu hakuufikia, samadi ilimshinda. Na mwingine aliyekuwa analima ardhi ya kuazima. Kwetu ukipanda miti kwenye ardhi ya watu, ni kama umesema ni yako. Kwa hiyo yule hakupanda, akalipwa kidogo, na akaacha mapema. Mzee wa Herefordshire naye ana shamba la kukodi ambako hawezi kupanda mti bila ruhusa ya mwenyewe. Wote wawili, kwenye jedwali langu, walikuwa safu moja: "ushiriki mdogo".

"Na kwa nini mniulize mimi?" nikasema. "Mjomba ndiye anayelima."

"Kwa sababu ardhi hii inapita kwa mama yako, ije kwako," bibi alisema. "Sikukuuliza kwa sababu ya shule."

Hilo lilinikalisha. Kwa Waluguru ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama. Nalijua tangu utoto, na nimeliandika kwenye sura ya pili, aya ya tatu, kama habari ya watu fulani.

Tulizungumza siku tatu. Mwishowe mjomba alikata miti minne kati ya 11, ile ya ngazi za chini ambako mteremko ni mdogo, mbao akauza, mananasi akapanda kwa kukinga mteremko. Ngazi za juu hazikuguswa. Mimi nilituma hela ya samadi. Safari hii nilisema wazi: hii ni mara moja, msinihesabu mwaka kesho. Mjomba akajibu, "Hiyo tunaielewa."

Tasnifu haijaisha. Nimeifuta ile sentensi ya motisha ya kifedha, na mwalimu ameuliza imekwenda wapi. Mahali pake nimeandika kwamba malipo ya namna hii hubeba njaa ya miaka ya mwanzo, na kwamba anayelipa anapaswa kusema mapema, kwa sauti inayosikika hadi shambani, ataibeba mpaka lini. Nimemwandikia pia mzee wa Herefordshire, nikijibu swali lake kwa kurasa mbili. Alirudisha mstari mmoja, akiuliza kondoo wakiachiwa kwenye matuta kama yale wataanguka.

Nilimsomea bibi. Alicheka mpaka akakohoa. "Mwambie alete kwanza," alisema, "tuone."